John Akii-Bua: Mzigo Uliopimwa na Mzigo Usiopimwa

Utangulizi

Msafiri atokaye Nairobi kuelekea Nakuru hupita Lanet kabla ya kuingia mjini. Hapo ndipo ilipo kambi ya jeshi ambayo imelifanya eneo hilo lijulikane nchini kote, na wakazi wake wamezoea kuwaona vijana wakikimbia alfajiri na mizigo mgongoni. Mtazamaji asiye na habari huona mateso matupu. Mwalimu wa mazoezi huuliza maswali: mzigo ule una kilo ngapi? Umebebwa kwa umbali gani? Utaongezwa lini, na utatuliwa lini? Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayotenganisha mazoezi na adhabu.

Makala haya yanakusudia kusimulia maisha ya mwanariadha mmoja wa Afrika Mashariki ambaye ushindi wake ulijengwa juu ya majibu ya maswali hayo. Mwanariadha huyo ni John Akii-Bua wa Uganda, mtu wa kwanza duniani kukimbia mita 400 za kuruka viunzi chini ya sekunde 48. Tunamchagua kwa sababu mbili. Kwanza, maisha yake yanaonyesha kwa uwazi jinsi mpango wa mazoezi ya kukinzana na uzito unavyotungwa na kufanya kazi. Pili, maisha hayohayo yanatuonyesha mizigo ya aina nyingine, ambayo haikupimwa na mtu yeyote, na ambayo hata bingwa wa dunia hakuweza kuitua kwa hiari yake.

Kabla ya kuendelea, ni vyema tufafanue istilahi. Wanafizikia wetu hutumia neno ukinzani kwa maana ya kile kinachozuia mkondo wa umeme. Katika makala haya tutalitumia neno hilo kwa maana ya nguvu yoyote ambayo misuli hulazimika kushindana nayo: chuma kinachoinuliwa, kizibao chenye uzito, mteremko unaopandwa, mchanga unaozamisha mguu, au hata uzito wa mwili wenyewe. Mazoezi ya ukinzani, basi, ni yale yanayouzidishia mwili kazi kwa makusudi ili uzoee kiwango kipya.

Utoto na kujiunga na polisi

Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 huko Abako, katika nchi ya Walango, kaskazini mwa Uganda. Babake alikuwa chifu mwenye wake kadhaa na watoto zaidi ya 40. Mtoto wa nyumba kubwa namna hiyo hakosi wenzake wa kushindana naye, lakini pia hana hakika ya kupata sehemu kubwa ya mali. Akii-Bua alichunga ng'ombe, elimu yake ya shule haikwenda mbali, na katika miaka ya 1960 akaenda Kampala kujiunga na jeshi la polisi.

Hatua hiyo haikuwa ya ajabu kwa kijana wa wakati huo. Katika Afrika Mashariki ya miaka hiyo, riadha ilikuwa mikononi mwa majeshi na polisi. Wilson Kiprugut Chumo, aliyeiletea Kenya nishani yake ya kwanza ya Olimpiki mjini Tokyo mwaka 1964, alikuwa mwanajeshi. Naftali Temu, aliyeshinda dhahabu ya kwanza ya Kenya mjini Mexico mwaka 1968, alikuwa mwanajeshi pia, naye Kipchoge Keino alikuwa polisi. Sababu zake ni wazi. Kambi ilimpa kijana mshahara, chakula cha kutosha, uwanja, saa maalumu za mazoezi na mkubwa wa kumsimamia. Mkulima mdogo au mchungaji hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo, hata kama miguu yake ilikuwa myepesi kama ya swara.

Katika polisi, Akii-Bua alimkuta Jorem Ochana, afisa ambaye mwenyewe alikuwa mruka viunzi mashuhuri. Ochana aliona urefu wa kijana huyu, unyumbufu wa nyonga zake na moyo wake wa kutii maelekezo, akaanza kumfundisha. Mwanzoni Akii-Bua alishiriki mbio fupi za mita 110, ambazo viunzi vyake ni virefu zaidi. Hata hivyo, hakufuzu kwenda Olimpiki ya mwaka 1968. Kwa wengi, hapo ndipo safari ingeishia.

Kocha na hesabu yake

Mwaka huohuo wa 1968 alifika Uganda kocha Mwingereza, Malcolm Arnold, kuifundisha timu ya taifa. Arnold ndiye aliyemshawishi Akii-Bua kuhamia mbio za mita 400 za kuruka viunzi. Ili kuelewa uzito wa ushauri huo, yatupasa kuzielewa mbio zenyewe.

Mkimbiaji wa mbio hizi huruka viunzi kumi vyenye kimo cha sentimita 91.4. Kutoka mwanzo hadi kiunzi cha kwanza kuna mita 45, kati ya kiunzi na kiunzi mita 35, na kutoka kiunzi cha mwisho hadi utepe mita 40. Mbio hizi zinadai kasi ya mkimbiaji wa masafa mafupi, ustahimilivu wa yule wa mita 800, na ustadi wa kuruka bila kupoteza mwendo. Ugumu mkubwa huja baada ya kiunzi cha sita au cha saba. Miguu huwa mizito, hatua hufupika, na mkimbiaji aliyezoea kuruka kwa mguu mmoja tu hujikuta amefikia kiunzi kwa mguu usiofaa. Akii-Bua alijifunza kuruka akitanguliza mguu wowote, wa kulia au wa kushoto, na hivyo hatua zilipofupika hakubabaika.

Mwaka 1970 alishika nafasi ya nne katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh. Mwaka uliofuata, katika mashindano kati ya Marekani na Afrika huko Durham, North Carolina, alishinda kwa sekunde 49.0. Sasa ilibaki zaidi kidogo ya mwaka mmoja kabla ya Olimpiki ya Munich, na rekodi ya dunia ya sekunde 48.12 ilikuwa mikononi mwa Mwingereza David Hemery, aliyeiweka Mexico mwaka 1968. Ni muhimu kutaja kwamba mji wa Mexico uko takriban mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa nyepesi humpunguzia kizuizi mkimbiaji wa masafa mafupi. Kuivunja rekodi hiyo Munich, mji ulio chini zaidi, kulihitaji nguvu za ziada.

Hapa ndipo mpango wa ukinzani ulipoingia. Akii-Bua alivaa kizibao chenye uzito wa takriban kilo 11, akakimbia nacho marudio ya umbali uliozidi ule wa mashindano, na viunzi alivyoruka vilikuwa vile vya mbio za mita 110, vyenye kimo cha sentimita 106.7. Kwa mwanariadha wa kilo 77, kizibao cha namna hiyo ni sehemu moja ya saba ya mwili wake. Tuseme alibeba mtoto wa mwaka mmoja kifuani, akaruka kizuizi kilichozidi kile cha kawaida kwa sentimita 15, kisha akaambiwa arudie.

Kwa nini mzigo ule ulijenga

Wako watakaodhani kwamba siri ilikuwa ugumu wa mazoezi hayo. Dhana hiyo ni ya hatari, kwa maana imewavunja vijana wengi magoti na migongo. Mzigo wa Akii-Bua ulimjenga kwa sababu ulifuata kanuni nne ambazo kila mtunzi wa mpango wa mazoezi hana budi kuzizingatia.

Kanuni ya kwanza ni kuongeza mzigo hatua kwa hatua. Daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliieleza kanuni hii kisayansi mwaka 1945, baada ya kuwatibu askari waliojeruhiwa katika Vita Vikuu vya Pili kwa kuwainulisha vyuma vilivyoongezwa uzito kadiri walivyopata nguvu. Katika majuma ya kwanza, neva hujifunza kuziamsha nyuzi nyingi zaidi za misuli kwa pamoja. Baadaye nyuzi zenyewe hunenepa. Misuli isiyodaiwa zaidi haina sababu ya kukua, na inayodaiwa ghafla kupita kiasi hupasuka. Akii-Bua hakuanza na kizibao siku ya kwanza. Alikuwa na miaka kadhaa ya mazoezi ya polisi na ya viunzi virefu kabla ya kukivaa.

Kanuni ya pili ni umahususi. Mwili huwa hodari katika lile hasa unalolizoea. Mtu anayeinua vyuma akiwa amelala chali ataimarika kifua, lakini kiunzi hakirukwi kwa kifua. Arnold aliuweka mzigo ndani ya tendo lenyewe la kukimbia na kuruka, hivyo kila marudio yalizifundisha nyonga, mapaja na vifundo vya miguu kazi ileile iliyongojewa Munich.

Kanuni ya tatu ni mapumziko. Nguvu haziongezeki wakati wa zoezi. Wakati huo mwili huchoka na kuumia kidogo kidogo. Nguvu huja baadaye, katika usingizi, chakula na siku za kazi nyepesi. Mpango usio na siku za kupumzika ni kama shamba linalolimwa kila siku bila kuachwa mbegu iote.

Kanuni ya nne ni kugawa msimu katika awamu na, mwishoni, kuutua mzigo. Majuma ya mwisho kabla ya mashindano, wingi wa kazi hupunguzwa lakini kasi huhifadhiwa. Mwili ulioizoea njia yenye kilo 11 za ziada na viunzi vya sentimita 106.7 hukutana na njia isiyo na kilo hizo, na viunzi vya sentimita 91.4. Faida ya mzigo huonekana siku unapotuliwa.

Munich, Septemba 1972

Fainali ilikimbiwa tarehe 2 Septemba 1972. Akii-Bua alipangwa katika njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa, ambayo kona zake ni kali na ambayo wakimbiaji wa masafa haya hawaipendi. Hemery, bingwa mtetezi, alianza kwa kasi kubwa. Kufikia nusu ya pili ya mbio wengine walianza kulegea, naye Akii-Bua akawa bado anaviruka viunzi kwa wepesi uleule. Katika mita za mwisho hakukuwa na wa kumkaribia. Saa ilisimama kwenye sekunde 47.82. Mmarekani Ralph Mann alikuwa wa pili kwa sekunde 48.51, na Hemery wa tatu kwa 48.52.

Tuifanye hesabu. Rekodi ya Hemery ilikuwa 48.12, tofauti ni sekunde 0.30. Ukiigawa kwa viunzi kumi, unapata mia tatu za sekunde, yaani 0.03, katika kila kiunzi. Kazi yote ya kizibao na viunzi virefu ilikuwa kutafuta kipande hicho kidogo cha muda na kukirudia mara kumi.

Hiyo ndiyo iliyokuwa dhahabu ya kwanza ya Uganda katika Olimpiki. Akii-Bua, ambaye alionekana kana kwamba hajachoka, aliendelea kuzunguka uwanja kwa furaha, akiwapungia mkono watazamaji na kuruka viunzi vilivyobaki. Siku tatu baadaye, Michezo ileile iliingia msiba kwa shambulio dhidi ya timu ya Israeli, na kumbukumbu ya Munich ikatawaliwa na damu. Hii ni sababu mojawapo ya jina la Akii-Bua kufifia mapema kuliko ilivyostahili.

Mizigo isiyopimwa

Nyumbani, Idi Amin alikuwa ametwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971 kwa kumpindua Milton Obote, aliyekuwa Mlango kama Akii-Bua. Askari na maafisa wengi wa Kilango na Kiacholi waliuawa katika utawala huo. Amin, ambaye ujanani alikuwa bondia bingwa wa Uganda, alijua thamani ya mwanamichezo machoni pa dunia. Akii-Bua alipokelewa kwa shangwe, akapandishwa cheo na kupewa nyumba, na barabara ya Kampala ikaitwa kwa jina lake. Januari 1973 alishinda dhahabu nyingine katika Michezo ya Afrika mjini Lagos. Wakati huohuo, watu wa kabila lake walikuwa wakitoweka. Mtu mmoja alilazimika kubeba heshima ya taifa kwenye bega moja na hofu ya ukoo wake kwenye bega jingine.

Mwaka 1976 alitarajiwa kulitetea taji lake mjini Montreal. Hata hivyo, Uganda ilijiunga na mataifa mengi ya Afrika, Kenya ikiwemo, kuisusia Michezo hiyo kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Sababu ya kususia ilikuwa ya haki. Gharama yake, hata hivyo, ililipwa na wanariadha ambao miaka minne ya jasho lao haikurudishwa. Tarehe 25 Julai 1976 Mmarekani Edwin Moses alishinda kwa sekunde 47.64, na rekodi ya Akii-Bua ikavunjwa naye hayupo uwanjani.

Mwaka 1979, majeshi ya Tanzania na ya Waganda waliokuwa uhamishoni yalipoukaribia mji wa Kampala, Akii-Bua aliiogopea familia yake, akakimbilia Kenya. Bingwa wa Olimpiki akawa mkimbizi kambini. Msomaji wa Lanet na aitazame barabara ipitayo mlangoni pake: hiyo ndiyo barabara kuu inayoiunganisha Nairobi na mpaka wa Uganda, na katika miaka hiyo ilijua vilio vya Waganda wengi. Kampuni ya viatu ya Puma ilimsaidia kutoka kambini na kwenda Ujerumani Magharibi, ambako alipata kazi. Alishiriki tena Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, akiwa na umri wa miaka 30, lakini hakufika fainali.

Katika miaka ya 1980 alirejea Uganda, akarudi polisi na kuwafundisha wanariadha wachanga. Alifariki dunia tarehe 20 Juni 1997 mjini Kampala, akiwa na umri wa miaka 47, na taifa likamzika kwa heshima. Naye Malcolm Arnold aliendelea na kazi yake Uingereza. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwa Colin Jackson, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 110 za kuruka viunzi mwaka 1993.

Tukirudia kanuni zetu nne, tutaona tofauti iliyopo. Mizigo ya miaka ya 1972 hadi 1979 haikuongezwa hatua kwa hatua, ilimshukia. Haikuwa na lengo mahususi la kumjenga, haikuwa na mapumziko, wala hapakuwa na siku iliyopangwa ya kuitua. Hatuwezi kujua ni sekunde ngapi mwili ule ungeweza bado kupunguza. Tunajua tu kwamba kati ya umri wa miaka 22 na 30, kipindi ambacho mruka viunzi hufikia kilele, alipata fursa moja tu ya kushindania dhahabu ya Olimpiki akiwa katika ubora wake.

Funzo kwa Bonde la Ufa

Iko imani iliyokita mizizi kwamba wanariadha wetu hushinda kwa kuzaliwa tu: miguu myembamba, milima na hewa nyepesi. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na miteremko ya Menengai iko wazi kwa kila mtu. Kama mwinuko ungetosha, kila mkazi wa Lanet angekuwa bingwa. Imani hiyo inaonekana kama sifa, lakini humnyang'anya mwanariadha kazi ya akili yake na ya kocha wake. Isitoshe, huwapa viongozi wa shule kisingizio cha kutojali mipango ya mazoezi.

Mwaka 2015 mjini Beijing, Nicholas Bett, mzaliwa wa Bonde la Ufa na polisi kama Akii-Bua, alishinda ubingwa wa dunia wa mita 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.79. Alikimbia katika njia ya tisa, ile ya nje kabisa. Tofauti kati yake na Akii-Bua ni mia tatu za sekunde, na miaka 43. Bett alifariki mwaka 2018 katika ajali ya barabarani. Leo rekodi ya dunia ni sekunde 45.94, iliyowekwa na Karsten Warholm wa Norway mjini Tokyo mwaka 2021. Yawezekana kabisa kwamba yuko kijana wa Nakuru mwenye mwili wa kazi hiyo. Atakachohitaji ni mtu wa kumpimia mzigo.

Mwalimu wa shule anaweza kuanza na kidogo. Mwili wa mwanafunzi wenyewe unatosha kwa majuma ya mwanzo: kuchuchumaa na kuinuka, kupanda ngazi, kurukaruka kwa mguu mmoja. Baadaye atumie mteremko mfupi. Uzito wa nje uje mwisho, ukiwa mdogo, mgongo ukiwa umenyooka, na usiongezwe kabla mwanafunzi hajalimudu tendo kwa ustadi. Kilo 11 za Akii-Bua zilikuwa za mtu mzima aliyeandaliwa kwa miaka. Kumvika mtoto wa kidato cha kwanza kizibao hicho ni kumwumiza. Zaidi ya yote, mwalimu awe na daftari. Aandike uzito, marudio, mapumziko na hali ya mwanafunzi siku iliyofuata. Asiyeandika hapimi, naye asiyepima anabahatisha.

Hitimisho

Sisi tunaosoma na kufundisha Kiswahili tuna sehemu yetu katika jambo hili. Maarifa ya kutunga mipango ya mazoezi yameandikwa zaidi kwa lugha za kigeni, ilhali maelekezo ya uwanjani hutolewa kwa Kiswahili. Kocha anayesema na wanafunzi wake kwa lugha moja na kusoma kwa lugha nyingine huacha mengi njiani. Yafaa istilahi kama ukinzani, marudio, umahususi na awamu zijadiliwe na kusanifiwa, na maisha ya watu kama Akii-Bua yaandikwe kwa lugha ambayo wachezaji wenyewe wanaisema. Alikuwa jirani yetu, alipata hifadhi katika nchi yetu akiwa mkimbizi, na mpango uliomfikisha Munich ni mali ambayo bado tunaweza kuirithi.